Mashine Iliyozima Mlangoni mwa Bandari

Mimi nauza nati na bolti. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani najua mambo ya mashine za boti. Sijui, na sikuwahi kutaka kujua. Lakini duka langu na karakana ya Hamud vimetenganishwa na ukuta mmoja wa bati, huku Kariakoo upande wa Gerezani, na kwa miaka yote hiyo moshi wa mashine zake umekuwa ukiingia dukani kwangu bila kubisha hodi. Kwa hiyo yaliyompata jirani yangu nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyavuta kwa pua.

Siku Khalfani alipoingia uchochoroni na kiatu kimoja, nilikuwa nagombana na mteja aliyetaka kurudisha bolti ambayo ameshaikata. Khalfani ni mkwe wa Hamud, amemwoa binti yake Rasha. Ana boti ndogo ya kubebea samaki: anawafuata wavuvi huko nje, ananunua kwao, anawaleta samaki soko la Feri wakiwa bado wabichi. Ni kijana mtanashati, wa kupiga pasi hata fulana. Siku ile nguo zilikuwa zimemgandama kwa maji ya chumvi, macho yamemtoka, na mguu mmoja ulikuwa peku juu ya lami ya Kariakoo, mahali ambapo hata mbwa anatembea kwa tahadhari.

"Shikamoo mjomba," aliniambia, maana adabu ilikuwa bado ipo hata kama akili ilikuwa imehama. "Baba yupo?"

Hamud akatoka mwenyewe, bisibisi mkononi.

"Imezima tena," Khalfani akasema. "Baba, imezima mlangoni mwa bandari, meli inakuja."

Mteja wangu wa bolti akasahau ugomvi. Mimi pia.

Khalfani alieleza akiwa amesimama. Alikuwa anatoka nje na tangi limejaa, mashine inaimba vizuri, na alipofika pale mkondo unapokuwa mwembamba, mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Alipoinua macho akaona meli ya makontena inaingia. Meli kubwa haina breki, na hata ingekuwa nayo haimwoni mtu mdogo aliye puani mwake. Akavuta kamba. Akavuta tena. Akavuta mpaka ngozi ya kiganja ikachanika, na alituonyesha hicho kiganja, sikutaka kukiangalia lakini nilikiangalia. Meli ikapiga honi. Mkondo ndio uliomsogeza pembeni, si mashine. Ilimpita karibu kiasi kwamba aliona kutu kwenye vyuma vyake na mtu mmoja juu kabisa anampungia mikono kwa hasira. Mawimbi yake yakamrusha sakafuni mwa boti. Ndoo, kapu la samaki, kiatu, vyote vikaenda.

"Halafu?" Hamud akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Halafu meli imeshapita, nikafungua tangi, nasema labda mafuta yamekwisha. Yapo, Baba! Nikafunga, nikabinya ile pampu ya mpira, nikavuta kamba mara moja tu. Ikawaka kama vile haijawahi kuniudhi."

Hamud akakaa juu ya kreti ya soda. Nimemjua mtu huyu tangu sote tuna nywele nyeusi, na sikuwahi kumwona anakaa chini kabla ya adhuhuri. Alikaa, akaiangalia bisibisi yake. Mimi nilibaki mdomo wazi, kwa sababu mashine ile Hamud alikuwa ameshaitengeneza mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amemwambia mkwe wake, "Nenda, hii haizimi tena."

Nieleze kidogo huyu Hamud ni nani, maana watu wa Feri wanamjua kwa jina tu.

Alizaliwa hapa hapa Kariakoo, kwenye nyumba ambayo leo ni ghorofa la maduka ya simu. Baba yake alikuwa muuza mchele na tende, na alitaka mwanawe akae nyuma ya mizani kama yeye alivyokaa na kama babu alivyokaa tangu aliposhuka kutoka Uarabuni. Hamud hakukaa. Alikimbilia kwa mafundi wa pikipiki, akawa anarudi nyumbani ananuka petroli, na mama yake akawa anamwekea maji ya kuoga nje ya mlango. Mashine za boti zilimjia kwa bahati. Mtu mmoja wa Feri alileta mashine yake juu ya mkokoteni, kila fundi akamwambia hashiki vitu vya baharini, mpaka akamfikia Hamud, ambaye hakuwa na akili ya kukataa. Ilipowaka, mwenye mashine alipiga ukelele mtaa mzima ukatoka nje. Tangu hapo zikaanza kuja, na moshi wake ndio huo unaoniua taratibu.

Na hapa ndipo penye kichekesho. Fundi huyu wa mashine za baharini anaiogopa bahari kuliko anavyomwogopa mke wake Fakhriya, na Fakhriya si wa kuchezea. Hajui kuogelea. Akivuka kwenda Kigamboni kwa kivuko anasimama katikati kabisa, amekumbatia nguzo, anasoma dua huku wenzake wanatafuna karanga. Bahari yake ni pipa la bluu lililokatwa juu, limejaa maji ya bomba, mbele ya karakana. Mashine anaifunga kwenye ubao uliolazwa juu ya pipa, anachomeka mpira wa mafuta kutoka kwenye tangi lake mwenyewe, lile jekundu la siku zote, anavuta kamba, na maji yanaanza kufurukuta. Halafu anachukua bisibisi yenye mpini wa mti, ncha anaigusisha kwenye chuma cha mashine, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Akifumbua, ameshajua. Nimemtania sana kwa hilo. Nilimwita daktari wa viziwi. Lakini mimi mwenyewe nimeona mashine zilizokataliwa na mafundi wengine zinatoka hapo zinanguruma.

Wateja wake wote huleta mashine peke yake. Tangi na mpira wake hubaki baharini au nyumbani, maana nani atabeba tangi la petroli juu ya mkokoteni katikati ya Kariakoo, kwenye jua lile, na wapishi wa chipsi kila kona? Mgonjwa ni mashine, basi inaletwa mashine. Mtu akienda hospitali habebi kitanda chake.

Mashine ya Khalfani ilikuwa ya kizamani, ya silinda mbili, ile inayotaka oili ichanganywe na petroli. Mara ya kwanza ilipomzimia baharini, Hamud alibadilisha plagi, akaisafisha kabureta mpaka ikang'aa. Mara ya pili akaishuku koili, kwa sababu koili iliyochoka hufanya kazi ikiwa baridi na hugoma ikipata moto. Akaweka nyingine. Kwenye pipa iliunguruma asubuhi nzima, mimi shahidi, nilifunga dirisha. Sasa hii ya tatu ilikuja na meli.

Alasiri ile ile Rasha akaja. Alitoka Buguruni, ambako wamepanga chumba na sebule, na mtoto wao mchanga, Zayed, alikuwa begani amelala. Binti huyu nimemwona anakua. Alikuwa akiniibia washa, vile vyuma vya duara vinavyokaa chini ya nati, na kuzifanya bangili. Hakunisalimu. Alimfuata baba yake moja kwa moja, na aliongea polepole, jambo ambalo lilinitisha kuliko angepiga kelele.

"Baba, Khalfani alitaka mashine mpya. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia Baba amesema hii bado nzima, na Baba akisema amesema. Sasa naomba uniambie ukweli. Unajua inachoumwa au hujui? Kama hujui, sema hujui, tujue. Jumatatu anarudi baharini, hawezi kukaa, hiyo ndiyo kazi yake. Ikizima tena pale, mimi nitakuwa mjane na huyu hatamjua baba yake. Kwa ajili ya neno lako wewe."

Hamud aliokota plagi kuukuu, akaigeuzageuza kiganjani. Mtu ambaye ana jibu kwa kila mashine!

"Sijui bado," akasema mwishowe. "Lakini kabla ya Jumatatu nitajua."

"Na usipojua?"

"Hatapanda. Nitaivunja hii mashine kwa nyundo mbele yako."

Rasha akaondoka. Mimi nilirudi dukani kwangu, nikahesabu bolti zile zile mara mbili, na wala haikuwa mashine yangu wala binti yangu.

Siku zilizofuata nilimwona Hamud akiifungua mashine ile yote, kipande kwa kipande, akikipanga juu ya gunia. Aliniambia, kama kwamba nilimuuliza, kwamba mashine yoyote inataka cheche, mafuta na pumzi. Ikizima, kimoja kimeondoka. Akapima cheche: ya bluu, ina nguvu. Akaziba tundu la plagi kwa dole gumba na kuvuta kamba, pumzi ikamsukuma kidole. Akafungua pampu ya mafuta iliyo ndani ya mashine, akakagua ngozi yake juani, haikuwa na tundu. Akaifunga upya, akaitia kwenye pipa. Ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Ikaunguruma mpaka maji ya pipa yakawa ya moto. Aliizima mwenyewe, kwa sababu yenyewe haikutaka kuzima.

Hilo ndilo lililomwumiza. Ingezima mbele yake angefurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Alikuwa anaisikiliza, bisibisi sikioni, akifumbua macho hana la kusema. Na mtaa nao una mdomo. Beno, yule msukuma mkokoteni aliyeileta mashine kutoka Feri, alishaanza kuwaambia wateja uchochoroni: "Mzee masikio yamekata, bana. Anasikia anachotaka kusikia." Nilimfukuza mbele ya duka langu kwa bomba la inchi mbili. Lakini na mimi moyoni nilikuwa nimeshaanza kuwaza hivyo hivyo, na niliona aibu.

Jumamosi Hamud alifunga mapema, akaenda kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja, akakaa huko peke yake katikati ya watu wanaopita. Aliporudi alikuja dukani kwangu, akashika meza.

"Praful, hapa kwenye pipa haitazima hata nikiiacha mpaka kiama. Inazima kule. Kwa hiyo naenda kule."

"Kule wapi?"

"Baharini. Kesho. Na wewe tunaenda wote."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia mimi ni mtu wa nati, sina shida na bahari, na bahari haina shida na mimi. Akasema, "Siwezi kupanda peke yangu, ndugu yangu. Nitaanguka kwa woga kabla mashine haijazima." Alisema hivyo bila haya, mtu mzima, ndevu nyeupe. Ungejibu nini? Nilimwambia mke wangu Nirali nakwenda harusini, kwa sababu ukweli usingeniruhusu kutoka mlangoni.

Jumapili asubuhi tulikuwa ufukweni karibu na Feri, watu watatu: Khalfani, Hamud na mimi, suruali zimekunjwa magotini. Mimi nilivaa jaketi la kujiokolea juu ya jaketi la kujiokolea. Hamud alipanda boti kama mtu anayeingia kaburini: alisimama, akashika ukingo, akaacha, akasema bismillah, akaingia, akaketi sakafuni kabisa karibu na mashine, amekumbatia ubao wa kukalia. Midomo ilikuwa inacheza kwa dua. Khalfani akaleta tangi lake, ambalo hulilaza nyumbani Buguruni kwa sababu wezi wa Feri hunyonya petroli usiku. Akauchomeka mpira, akalegeza kiskrubu cha hewa kilicho juu ya mfuniko, kama inavyotakiwa, akabinya pampu ya mpira, akavuta kamba. Ikawaka.

Tukatoka. Siwezi kusema niliona nini, kwa sababu nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu. Nilisikia tu mashine inaimba, na kila nilipoinua jicho nilimwona Hamud na bisibisi yake sikioni, macho yamefumbwa, jasho linamtiririka. Tulipita Magogoni, tukaona majengo yanarudi nyuma, na Khalfani akasema kwa sauti ya chini, "Ni hapa hapa."

Mashine ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Maji yakapiga ubavu wa boti, na boti ikaanza kugeuka yenyewe kama mtu aliyelewa. Mbali kidogo kivuko kilipiga honi na nilipiga ukelele, naliandika hili kwa sababu Khalfani amewaambia watu wote hata hivyo.

Lakini Hamud alikuwa ameshaamka. Hofu yote ilimtoka, sijui ilikwenda wapi, nadhani ilihamia kwangu. Alipiga magoti, akashika mpira wa mafuta, akafika kwenye ile pampu ya kubinya, akaigusa. Ilikuwa imenywea, imebana kabisa, bapa.

Khalfani kwa mazoea akanyoosha mkono kufungua mfuniko wa tangi aangalie mafuta.

"Usiguse!" Hamud akafoka. Sikuwahi kumsikia akifoka. "Usiguse hata kidogo. Praful, angalia tangi."

Nikaangalia. Lile tangi la plastiki lilikuwa limebonyea mbavu zote mbili kuelekea ndani, kama mashavu ya mtu anayefyonza embe.

"Kiskrubu cha hewa?" Hamud akauliza.

"Kipo wazi, Baba. Ona mwenyewe. Kila siku nakifungua."

Hamud akakishika. Kweli kilikuwa wazi. Akaweka mkono juu ya mfuniko, akauzungusha taratibu, na tangi likavuta pumzi. Fyuuu, ndefu, halafu mbavu zake zikarudi mahali pake kwa kishindo, pu! Nilidhani limepasuka. Hamud akautoa mfuniko, akaugeuza juu chini.

Ndani yake kulikuwa na nailoni. Nailoni ya mkate, imekatwa duara kwa mkasi, imekunjwa pande mbili na kukandamizwa vizuri kwenye mizunguko ya mfuniko kiasi kwamba ilikuwa haitoki hata ukiufungua. Kile kitundu cha hewa kilikuwa kinatazamana na ukuta. Mashine ilikuwa inanyonya mafuta, hewa haiingii mahali pa mafuta, mpaka tangi linashindwa kutoa tone jingine. Tangi likiwa limejaa ndiyo mbaya zaidi, hufika hapo upesi. Ukifungua mfuniko kuchungulia mafuta, hewa inaingia, unapona. Mpaka safari nyingine. Na kwenye pipa Hamud alikuwa anatumia tangi lake mwenyewe.

"Aa, hiyo," Khalfani akasema, na alisema kwa wepesi kabisa, "hiyo ni ya Rasha. Tangi tunalaza sebuleni, harufu ilikuwa inamkohoza Zayed usiku kucha. Ndo akaliwekea nailoni, harufu ikakata..."

Akaishia hapo. Niliona maneno yake mwenyewe yanamrudia usoni. Rangi ilimtoka kijana yule mpaka midomo ikawa ya kijivu.

Na mimi niseme ukweli, ingekuwa kwangu nisingeshangaa kuiona nailoni ile. Nani hapa Kariakoo hajawahi kuweka nailoni chini ya mfuniko? Dumu la mafuta ya taa, dumu la mafuta ya kula, chupa ya asali, kopo la achari, vyote tunavitia nailoni ndipo tunafunga, na asiyefanya hivyo tunamwona mchafu. Mama Khalfani angeiona angemsifu mkwe wake. Ni usafi. Ni mapenzi ya mama kwa mtoto wake. Na ilikuwa imemweka baba wa mtoto huyo mbele ya pua ya meli.

Hamud aliing'oa nailoni kwa ncha ya bisibisi, akaikunja ndogo, akaitia mfukoni. Akafunga mfuniko. "Washa," akasema.

Ikawaka. Tulizunguka pale nje muda mrefu, tukaenda, tukarudi, tangi likiwa na mbavu zake nzima, mashine haikukohoa hata mara moja. Hakuna aliyeshangilia. Watu watatu ndani ya boti iliyopona, kama tumetoka mazikoni.

Tulipofika maji ya magotini, Hamud akamshika Khalfani bega. "Rasha asijue."

"Baba, nitamwambia nini?"

"Mwambie ni mimi. Niliifunga kabureta vibaya, na leo nimeliona kosa langu."

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, na nilimwambia kwa sauti, kwamba amechanganyikiwa. Mtaa mzima unamsema kwamba masikio yamekufa. Leo ameshinda, amepanda bahari anayoiogopa, ameupata ugonjwa ambao hakuna fundi angeupata, na sasa anataka kwenda kujitangaza mwenyewe kwamba ni mzembe? Kwa nailoni ya mkate? Amwambie binti yake taratibu, ataelewa, si mtoto.

"Ataelewa," Hamud akasema. "Halafu? Kila Khalfani akitoka mlangoni atakumbuka kwamba ni mkono wake. Kila huyo mtoto akikohoa atakumbuka. Mimi fundi, Praful. Nimelaumiwa na watu tangu ujana, imeshakuwa kama kuoga. Yeye hajazoea."

"Na akirudia? Akiweka nyingine?"

"Tangi halirudi Buguruni tena. Litalala dukani kwako."

Nililalamika, bila shaka. Petroli dukani kwangu, mimi ninayefunga dirisha kwa moshi! Lakini lilikwenda dukani kwangu, na lipo mpaka leo, nyuma ya masanduku ya bolti za robo inchi, linanuka.

Rasha alikuja Jumatatu mchana. Khalfani alikuwa ameshakwenda na kurudi salama, na alikuwa amesimama karibu na pipa, anaangalia maji. Wateja wawili walikuwepo, na Beno naye na mkokoteni wake, kwa hiyo mtaa ulikuwepo. Rasha alimkabidhi mumewe mtoto.

"Kabureta?" akamwuliza baba yake. "Ni kweli ulikuwa umeifunga vibaya?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Mara mbili?"

Hamud aliinama kuokota spana.

"Mara mbili, Baba, unaifunga vibaya, halafu unamwambia mtu nenda, haizimi?" Sasa sauti ilipanda. "Nilikuwa nakaa na simu mkononi kama mwendawazimu. Nikisikia honi ya lori huko Buguruni nadhani ni meli. Na wewe kumbe ni uzembe tu! Kwa mtoto wako mwenyewe!"

Beno akatikisa kichwa kwa masikitiko, yule mnafiki. Nilimwangalia Khalfani. Mikono yake ilikuwa imemshika mtoto kwa nguvu, kichwa kimeinama, akapiga hatua moja mbele. Nilijua anataka kusema. Hamud naye alijua, kwa sababu alimtupia jicho moja tu, na kijana akarudi nyuma.

Rasha alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimsogelea baba yake, akachukua mkono wake ule wenye oili, akaubusu kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni.

"Nimekusamehe, Baba," akasema. "Lakini mashine ya mume wangu usiishike tena. Tutampelekea fundi mwingine."

Nilimwangalia Hamud. Nilidhani sasa atasema. Mtu gani angenyamaza hapo? Mkono mmoja alikuwa ameushika binti yake, na mwingine ulikuwa ndani ya mfuko wa suruali, mle alimotia ile nailoni.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Mungu akubariki."

Rasha akamchukua Zayed kutoka kwa mumewe, wakaondoka wote watatu kuelekea kituoni. Khalfani aligeuka nyuma mara moja. Hamud alirudi kwenye mashine ya mtu mwingine, akaanza kulegeza bolti. Mteja akaniuliza nati za namba kumi na tatu, nikampa za kumi na saba, akazitazama, akanitazama mimi, akauliza kama naumwa.